Nyota ina madoa au mabaka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri makala ya nyota zenye sumaku kali, nimeandika "madoa ya nyota yametoka", mwenzangu anasema ni mabaka, na eti hiyo "yametoka" haieleweki. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Hilo la pili mwenzako kapatia kabisa. Ukisema doa limetoka kwenye shati kila mtu anajua limefuliwa likaisha, lakini ukisema upele umetoka maana yake ndo kwanza umeanza kuonekana, kitenzi kilekile maana zinapingana, sasa msomaji atajuaje umekusudia ipi? Na hivi vitu vya kwenye nyota kazi yake ni kuja na kupotea, yaani hapo ndo pabaya zaidi pa kumchanganya. Andika yametokea, halafu yamefifia.

Doa na baka, mimi naona inategemea nyota yenyewe. Jua letu lina madoa, hata madoadoa ukipenda, kama ya kuku, kwa sababu ni madogo na yametawanyika, na idadi yake hupanda na kushuka kwa miaka kama 11 hivi, jambo ambalo Mjerumani Schwabe alilitangaza 1843. Na sio uchafu, ni sehemu ambayo sumaku inazuia joto lisipande toka ndani, inapoa kuliko pembeni yake ndo maana inaonekana nyeusi.

Sasa njoo kwa nyota iitwayo XX Trianguli, nyota jitu, yaani kubwa mno kuliko Jua. Mwaka 1999 mwanaastronomia Strassmeier alitangaza doa lake moja lenye urefu wa kama majua 10 yakipangwa mstari. Hilo jamani sio doa tena, hilo ni baka, kama ya kwenye magwanda ya jeshi! Baadaye waliifuatilia miaka 16 kwa darubini ya kisiwani Tenerife wakapata ramani 99 za uso wake, na mabaka yanaungana, yanapasuka, yanafifia huku yanatokea kule, na mzunguko kama ule wa Jua wa miaka 11 hawakuuona. Aliyewahi kuugua utangotango, ule ugonjwa wa mabaka ya ngozi, ataelewa haraka. Na lile neno jingine la madoa, mawaa, achana nalo, siku hizi limebaki zaidi kwenye sifa na tabia za watu.

Mimi ningeandika: "Mabaka ya nyota hii hutokea na kufifia bila mpangilio." Na hiyo hu- usiitoe ukaweka -na-, maana unaongelea tabia ya miaka mingi, sio kilichoonekana jana usiku.