Diski Mpya kwa Seva Kuukuu: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Ofisi nyingi ninazozihudumia hapa Nairobi, ziwe za vyama vya akiba na mikopo, za mawakili au za waagizaji wa bidhaa, huendesha shughuli zao zote juu ya seva moja iliyonunuliwa ikiwa tayari imetumika ughaibuni. Ndani yake mna mashine pepe tatu au nne, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoshiriki seva hiyo moja: moja ya hifadhidata ya uhasibu, moja ya mafaili, nyingine ya akaunti za watumiaji. Seva inapoanza kujikokota, ushauri wa kwanza anaopewa mwenye ofisi ni kuiondoa na kununua nyingine. Naona ushauri huo hutolewa kwa haraka mno. Vichakataji vya seva kama Dell PowerEdge R720, iliyotoka mwaka 2012, bado vinatosha kwa kazi ya ofisi ya watu thelathini au arobaini. Kinachoikwamisha mara nyingi ni diski zenye sahani zinazozunguka, na hakuna kifaa kilicho rahisi kubadilisha kuliko diski. Sharti ni kwamba ujue diski zinachelewa wapi, na kidhibiti kinachoziendesha kinakubali nini, kabla hujatoa hata shilingi moja.

Anza kwa kupima. Kwenye Linux, na kwa hiyo kwenye Proxmox pia, mfumo wa kuendeshea mashine pepe uliojengwa juu yake, amri ya iostat huonyesha kila diski inapokea maombi mangapi kwa sekunde na kila ombi linasubiri milisekunde ngapi kabla ya kujibiwa. Kwenye ESXi, mfumo wa VMware wa kuendeshea mashine pepe, upimaji huo hufanywa na esxtop. Usipime asubuhi ya siku tulivu. Pima siku ambazo watumiaji hulalamika, ambazo kwa ofisi zetu ni mwisho wa mwezi au siku zinazokaribia tarehe 20, marejesho ya VAT yanapodaiwa, na ukusanye takwimu za siku nzima pamoja na saa za usiku ambapo nakala rudufu huchukuliwa. Katika chama kimoja cha akiba na mikopo kilichoko Eneo la Viwanda, niliketi kando ya karani aliyekuwa akiingiza malipo ya wanachama yaliyopitia M-Pesa. Kila alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, dirisha liliganda, naye akaondoa mkono kwenye kipanya na kungoja. Kwenye skrini yangu, wakati huohuo, muda wa kusubiri wa diski ulipanda kutoka milisekunde kama kumi hadi zaidi ya mia moja, huku vichakataji vikiwa karibu havina kazi. Baada ya kuona hivyo hapakuwa na la kubishania. Lakini kama RAM ingekuwa imejaa kiasi cha mashine pepe kuanza kuhamishia kumbukumbu zao diskini, ningeanza na RAM, kwa sababu diski mpya zingeficha tatizo bila kuliondoa.

Sababu ya kuganda huko ni hesabu nyepesi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huweza kutimiza maombi yapatayo 80 kwa sekunde ikiwa maombi hayo yametawanyika, kwa kuwa kila moja hulazimu kichwa kisogee na sahani izunguke hadi sekta inayotakiwa ifike. Chama hicho kilikuwa na diski nne za aina hiyo katika RAID 5, yaani zimeunganishwa kuwa kundi moja linalovumilia kufa kwa diski moja kwa kuhifadhi pariti, hesabu ya kurejeshea data iliyopotea. Katika mpangilio huo, kuandika kipande kimoja kidogo hudai kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kuandika data mpya, na kuandika pariti mpya. Kwa hiyo diski nne, ambazo kwa pamoja zingetimiza maombi 320, hubaki na uwezo wa kuandika mara 80 tu kwa sekunde, sawasawa na diski moja iliyo peke yake. Hifadhidata ya uhasibu huandika vipande vidogo vidogo na kusubiri uthibitisho wa kila kimoja, ndiyo maana huwa ya kwanza kuumia. Diski zilezile zikipangwa kwa RAID 10, ambayo huweka kila data kwenye diski mbili na hivyo hudai kazi mbili kwa kila andiko, zingefika 160. Jozi ya diski za SSD, zisizo na sahani inayozunguka, za daraja la seva hupita maelfu bila kutoa jasho.

Hata hivyo, kabla ya SSD, fungua ukurasa wa kidhibiti cha RAID na utazame hali ya betri yake. PERC H710, kidhibiti cha Dell, ina kumbukumbu ya megabaiti 512 ambamo maandishi hupokelewa na kuthibitishwa upesi kabla hayajafika diskini, na betri ndiyo inayoyalinda stima ikipotea. Betri inapokufa, kidhibiti huiacha njia hiyo na kulazimisha kila andiko lifike diskini kwanza. Watumiaji hawaoni onyo lolote. Wao huona tu seva iliyozeeka ghafla. Nimeshuhudia seva zikirudiwa na uhai kwa betri mpya peke yake, na ni jambo linaloniudhi kuona mteja akiuziwa seva nzima wakati ambapo hakuna aliyelichungulia jambo hilo. Wapo mafundi wanaolazimisha njia ya haraka iendelee bila betri, nami nasihi usikubali kamwe. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa gizani, na kukatika kwa stima kwa muda mfupi ni jambo la kawaida katika mitaa mingi ya jiji hili. Maandishi yaliyothibitishwa lakini hayajafika diskini hupotea papo hapo, na hifadhidata hubaki na kurasa zisizoafikiana.

Kidhibiti chenyewe kina mipaka ambayo muuzaji wa diski hatakueleza. PERC 6/i, iliyokuja na seva nyingi za kizazi cha R710, kilichotangulia R720, haioni zaidi ya terabaiti 2 kwa kila diski, hata ukiiwekea ya terabaiti 8. H710 haina kizuizi hicho, lakini kila njia yake hupitisha gigabiti 6 kwa sekunde, hivyo SSD ya SAS, muunganisho wa diski za seva, ya gigabiti 12 itafanya kazi kwa nusu ya kasi uliyoilipia, ilhali SSD ya SATA, muunganisho wa kawaida wa kompyuta, inayofikisha takriban megabaiti 550 kwa sekunde, inatosha kabisa. Isitoshe, H710 haipitishi amri ya TRIM, inayoiarifu diski ni nafasi zipi hazitumiki tena, hadi kwenye SSD zilizo ndani ya RAID. Kwa sababu hiyo mimi huzifuta SSD kikamilifu kabla ya kuziingiza, kisha huacha asilimia 10 hadi 20 ya kila moja bila kugawiwa, ili diski iwe na mahali pa kupangia data yake yenyewe. Anayetaka kutumia ZFS, mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe, atafute kadi inayokabidhi diski kwa mfumo moja kwa moja, kwa maana ZFS inataka kuziona diski zenyewe wala haitaki kuonyeshwa diski moja kubwa iliyobuniwa na kidhibiti. Diski ya NVMe, SSD inayochomekwa kwenye nafasi ya PCIe ya kadi za upanuzi, huongeza kasi sana, ila R720 kwa kawaida haiwezi kuwaka kutoka kwenye diski ya aina hiyo. Itumie kwa data, na mfumo ubaki mahali pengine. Hakikisha pia una kedi za kutosha, yaani fremu za kuingizia diski, pamoja na vishikizo vya kuingiza diski ya inchi 2.5 katika nafasi ya inchi 3.5, kwani kazi ya wikendi inaweza kusimama kwa kukosa kipande cha plastiki.

Katika kuchagua SSD, sifa ya kwanza ninayoitafuta ni kapasita za kulinda data stima inapokatika. Diski yenye kapasita hizo inaweza kuthibitisha andiko mara tu linapofika kwenye kumbukumbu yake ya ndani, kwa kuwa ina akiba ya umeme ya kulimalizia. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani haina akiba hiyo, na ikiulizwa ithibitishe kila andiko, kama hifadhidata inavyouliza, kasi yake huporomoka hadi sehemu ndogo tu ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Sifa ya pili ni ustahimilivu. SSD ya mezani ya terabaiti 1, kama vile Samsung 870 EVO, imedhaminiwa kwa terabaiti 600 za maandishi. SSD ya seva ya gigabaiti 960 iliyokadiriwa kuandikwa yote mara moja kwa siku kwa miaka mitano hufika terabaiti 1,752. Nakala rudufu za kila usiku, kumbukumbu za matukio na mashine pepe nne kwa pamoja huandika zaidi ya watu wanavyodhani.

SSD za seva zilizotumika si za kukataliwa, na kwa ofisi ndogo mara nyingi ndizo zinazowezekana. Ukienda kununua katika maduka ya Moi Avenue au Luthuli Avenue, omba diski iunganishwe kwenye kompyuta mbele yako na usome kwa smartctl, programu inayosoma taarifa za ndani za diski, saa ilizofanya kazi, kiasi kilichoandikwa, na asilimia ya uhai iliyobaki; muuzaji mwaminifu hatakasirika. Kwa diski za sahani, kipimo cha saa peke yake hakitoshi tena: mapema mwaka 2025 iliripotiwa nchini Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya hesabu ya saa kurudishwa sifuri. Kumbukumbu nyingine ya ndani ya diski hizo, iitwayo FARM, ndiyo iliyofichua ukweli, nayo smartctl huisoma kuanzia toleo la 7.4. Angalia pia programu dhibiti (firmware) ya diski. Mnamo Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa moja kwa moja zikifikisha saa 32,768 za kazi, yaani miaka mitatu na miezi karibu tisa, zisiposasishwa. Diski kama hizo zikinunuliwa pamoja na kuwashwa pamoja, zote huweza kufa ndani ya saa chache, na hapo RAID haikusaidii kitu.

Si kila kitu kinahitaji SSD. Mafaili yaliyochanganuliwa, picha za vitambulisho na nakala za miaka iliyopita hukaa vizuri kwenye diski kubwa za sahani, mradi zisiwe za SMR, ambazo hupanga njia za data kwa kupandana na hulemewa vibaya wakati wa kujenga upya RAID. Kwa diski kubwa siitumii tena RAID 5. Diski nyingi za bei nafuu hukadiriwa kuwa na kosa moja la kusoma katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni terabaiti 12.5, na katika kundi la diski nne za terabaiti 4, kufidia moja iliyokufa kunalazimu kusoma terabaiti 12 bila kukosea popote. Ingawa diski nyingi hufanya vizuri kuliko makadirio hayo, sioni sababu ya kuweka akiba za wanachama juu ya bahati. RAID 10, au RAID 6 inayovumilia kufa kwa diski mbili, inatosha.

Kuhusu kuhamisha, msimamo wangu hauyumbi: usibadilishe diski moja moja ndani ya kundi la zamani huku ukingoja lijijenge upya kila mara, kwani unazichosha diski kuukuu wakati zimebaki bila kinga. Jenga kundi jipya kando. Seva ya chama nilichokitaja ina nafasi nane za diski na nne zilikuwa tupu, hivyo SSD ziliingia huko na diski za zamani hazikuguswa. Pasipo nafasi, mashine pepe hupelekwa kwanza kwenye hifadhi ya nje. Kwa mtandao wa gigabiti 1, terabaiti moja huchukua takriban saa mbili na nusu ikiwa hakuna kinachouziba. Wanaotumia ESXi wanapata faida ya ziada, kwa sababu VMFS5, muundo wa zamani wa ESXi wa kuhifadhia mashine pepe, haigeuzwi kuwa VMFS6 palepale ilipo. Ni lazima kuunda mpya na kuhamia. Walio bado kwenye ESXi 6.7 wakumbuke kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 15 Oktoba 2022, na kwamba toleo la 7.0 liliacha madereva mengi ya vifaa vya zamani, kwa hiyo wahakikishe kidhibiti chao kinatambuliwa kabla ya kusasisha lolote.

Nakala rudufu huchukuliwa kabla ya yote, na haihesabiki kuwa nakala hadi irejeshwe. Mimi huirejesha hifadhidata kwenye mashine tofauti isiyounganishwa na mtandao wa ofisi, kisha humwomba mhasibu mwenyewe aifungue na kulinganisha salio la mwisho na lile lililo kwenye daftari lake. Fundi anaweza kuona kwamba faili limefunguka. Ni mhasibu pekee anayejua kama hesabu ni zenyewe. Snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine pepe ya wakati fulani, haichukui nafasi ya jambo hili, kwani hukaa kwenye diski zilezile na kufa pamoja nazo. Baada ya hapo huhamisha mashine isiyo na uzito kwanza, naiacha ifanye kazi, na ile ya hifadhidata huja mwisho, ikiwa imezimwa, UPS ikiwa imejaa na imeunganishwa ili iweze kuiamuru seva ijizime yenyewe. Kundi la zamani hubaki ndani ya seva likiwa na diski zake zote hadi mwisho wa mwezi mmoja upite salama.

Diski zinazotolewa zina majina, nambari za vitambulisho na mikopo ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka ofisi izilinde hata zinapoondoka. Zinazofanya kazi huandikwa upya zote kutoka sekta ya kwanza hadi ya mwisho. Zilizokufa hutobolewa sahani kwa drili mbele ya mwakilishi wa ofisi, ndipo zipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki. Nambari za utambulisho za diski zote huandikwa kwenye hati moja, ambayo ofisi na fundi hutia sahihi na kila upande hubaki na nakala yake.