Muulize Fundi: "Friji ya jirani inatumalizia luku, nimpimie?"

Safari hii barua nyingi zinafanana. Wengi mmeviona madukani vile vimita vidogo vya kuchomeka kwenye soketi, unakichomeka ukutani alafu kitu chako unakichomeka kwenye kimita, kioo kinakuonyesha umeme unaoliwa. Nimechagua barua 4, ya kwanza nimeipa nafasi kubwa na mkiisoma mtaelewa kwa nini.

Fundi habari za kazi. Mimi ni mpangaji huku Mbagala, nyumba ina vyumba 5 na luku ni moja. Kila mwezi kila chumba kinatoa elfu 10, isipokuwa mama wa chumba cha mbele anatoa elfu 20 sababu ana friji anauza barafu na juisi za watoto. Hela haifikishi mwezi, tarehe 20 luku inaanza kulia tunachanga tena, na mimi naona kabisa ni friji maana inaunguruma usiku na mchana. Mimi mwenyewe sina vitu vya ajabu, nina taa, feni, tv ndogo na kajiko kadogo ka koili moja ka kuchemshia maharage jioni basi. Nataka ninunue hiyo mita ya kuchomeka nimpimie yule mama watu wote waone. Je inasema ukweli? Inasomwaje? — Mpangaji aliyechoka

Ndugu yangu pole. Mita inasema ukweli, na ndio maana nakuomba kabla hujatoa hela rudia kusoma barua yako mwenyewe, hasa pale kwenye kajiko.

Uniti 1 ya luku ni wati 1,000 zikiwaka saa 1 nzima. Sasa geuza hako kajiko utazame kibandiko cha chini, mengi ya koili moja yameandikwa 1000W na mengine yanazidi hapo. Maharage makavu ambayo hayakulowekwa yanakaa jikoni kama saa 3 hivi, na lile jiko la waya mwekundu halina cha kupumzika, limewaka limewaka. Hapo umeshakula uniti 3 kwa sufuria moja. Friji ya kawaida ya nyumbani kwenye joto letu hili la Dar inakula kama uniti 1 mpaka 2 kwa siku nzima, mchana na usiku, sababu kompresa, ile mota ya kupoza, inaamka inafanya kazi alafu inalala. Friji inapigiwa kelele kwa sababu na yenyewe inapiga kelele, koili haina sauti ndio maana hakuna anayeisema.

Simaanishi yule mama hana lake. Anayeuza barafu kila siku anaingiza maji ya moto moto ya bombani kwenye friza, na kugandisha ndoo ya lita 20 peke yake kunaweza kuongeza uniti 1 na zaidi. Kwa hiyo inawezekana kabisa akakutwa na uniti 3 kama wewe, au zaidi. Ndio maana mpime, ila mpime wote wawili, na uanze na kwako.

Kupima kwenyewe ni hivi. Wengi wanachomeka, wanaangalia kioo, wanaona 120W, wanaondoka wanasema friji inakula wati 120. Hiyo ni ya dakika hiyo tu, ukirudi baadae kompresa imelala utakuta 0 au 1. Unachotakiwa kusoma ni kWh, ndio uniti hizo hizo za luku, na unaisoma baada ya muda. Friji ipe siku 7 kama ni ya biashara maana Jumapili barafu haziuziki kama Jumatano, ukikosa kabisa basi masaa 24 kamili. Andika saa uliyoanza. Jiko wewe pima mpiko mmoja, toka unawasha mpaka unaepua.

Kuna mahali watu wanakosea sana: kioo kinabadilika kinaonyesha V, A, W na vingine, mtu anachukua volti anazidisha na ampea. Nilifanya hivyo kwa friji yangu, volti 230 ampea 0.9, nikapata 207 nikashtuka, kumbe wati zilizoandikwa pale pale kwenye kioo ni 125. Vitu vyenye mota vinavuta ampea nyingi kuliko umeme vinaoutumia kweli, na luku ya nyumbani inahesabu ile ya kweli. Kwa hiyo achana na ampea, soma W na kWh tu.

Alafu angalia mita yako ina betri ya ndani au hapana. Zile za bei ya chini kabisa umeme ukikatika zinasahau kila kitu zinaanza 0, na kwetu huku ukisema upime siku 7 bila umeme kukatika hata mara 1 ni kujidanganya. Kama haina betri piga picha ya kioo kila asubuhi na jioni. Na siku ambayo umeme ulikatika masaa mengi usiihesabu, friji ikirudishiwa umeme inafukuzana na joto, siku hiyo sio ya kawaida.

Kama mita yako ina sehemu ya kuweka bei, jua kuna nyingine hazipokei namba zaidi ya 99.99, ukitaka kuweka 350 inakataa. Weka 3.50 alafu jibu zidisha mara 100. Natumia 350 kwa urahisi wa hesabu tu, tarifu ya T1, ile ya matumizi ya kawaida ya nyumbani, ni sh 292 kwa uniti kabla ya kodi na makato, ukiyaweka inakufikia kwenye 350 na ushee. Kwa hesabu hiyo sufuria lako la maharage ni kama sh 1,050 kwa jioni moja. Ukipika kila siku ni 31,500 kwa mwezi, na wewe unachanga 10,000. Sasa fikiria yule mama atasema nini siku mita ya kajiko kako ikisoma hivyo mbele ya watu.

Loweka maharage toka usiku, au kama unaweza jichange ununue presha kuka ya umeme, nazo nyingi ni wati 1,000 hivyo hivyo ila ikishapanda presha inazima inawaka kidogo kidogo, maharage yanaiva ndani ya saa 1 bila kufika hata uniti 1.

Na mama wa friji umsaidie badala ya kumwinda. Ya kwangu mimi ilisoma uniti 1.9 kwa siku, nikachukua noti ya elfu 1 nikaibana kwenye mlango wa friji nikaivuta, ikatoka laini kama nimeitoa mfukoni. Mpira wa mlango ulikuwa umekufa upande wa chini, baridi inatoka usiku kucha na mimi nalala. Nikabadilisha mpira, nikaisogeza friji kutoka ukutani kama kiganja kimoja nyuma ipumue, nikapima tena siku 3, ikawa 1.2. Hizo ni uniti 21 kwa mwezi, zaidi ya elfu 7, kwa mpira na kuisogeza tu. Mwambie na yeye apitishe noti mlango mzima, juu, chini, pembeni kote, noti ikishikwa mpira mzima.

Kingine ambacho nyumba za kupanga hamkifikirii. Anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwa kwenye tarifu ya D1, uniti ni sh 100 kabla ya makato. Nyie 5 mkijumlishwa kwenye luku moja mnapita 75 ndani ya wiki chache, hata mwenzenu mwenye taa 2 na chaja analipia bei ya juu. Sabmita, yaani mita ndogo ya ndani, kila chumba itamaliza ugomvi wa nani kala ngapi ila bei haitashuka, bei inashuka mwenye nyumba akikubali kila mtu awe na luku yake. Kimita cha kuchomeka hapo hakina msaada, hakiwezi kukaa kwenye kila soketi ya kila mtu.

Fundi, mdogo wangu yuko Marekani kaniletea zawadi inaitwa Kill A Watt, ni ya kupimia umeme. Plagi yake ina meno mawili bapa na jino moja la duara, lakini nina adapta ya Kariakoo inaingia vizuri. Naogopa kuunguza, nichomeke? — Mama wa Arusha

Shikamoo mama, usichomeke, na nashukuru umeuliza kwanza. Adapta inabadilisha meno tu, umeme haiubadilishi. Wenzetu kule nyumbani wanatumia volti 120, na hiyo Kill A Watt ya kawaida, P4400, mwisho wake ni volti 125. Sisi tuna 230. Ukichomeka unaweza kusikia "tap" na harufu, zawadi imekwisha. Hata ukiwa na transfoma ya kushusha umeme utakuwa unapima vitu vya Marekani peke yake, na wewe friji yako ni ya huku.

Kama una mtu Uingereza mwambie yeye ndio akuletee, plagi yao ni kama yetu ya meno 3 ya mraba na volti ni hizo hizo 230. Hiyo ya mdogo wako itunze akija likizo aondoke nayo, na usimwambie nimesema hivyo.

Nina shawa ya maji ya moto, AC chumbani na pampu ya kisima. Nataka kujua ipi inanimaliza. Fundi wangu anasema atanikatia waya aweke plagi ili nipime na mita ya kuchomeka. — Mwanza

Huyo fundi mwambie asubiri nje ya geti. Plagi zetu mwisho ni ampea 13, kwenye volti 230 ni wati kama 2,990. Shawa nyingi zimeandikwa wati 5,000 na zaidi, unaongelea ampea 22 mpaka 24, plagi itayeyuka ukiwa na sabuni machoni. Shawa na AC zina waya wake na swichi yake, ziache hivyo hivyo.

Wewe mita unayo tayari, ni luku yenyewe. Angalia usoni kuna kataa kekundu kanakonyeza, pembeni pameandikwa namba na imp/kWh, labda 1000 au 1600. Kama ni 1000, kila kakikonyeza ni sehemu 1 ya elfu ya uniti. Zima kila kitu, washa hicho kimoja, hesabu sekunde kati ya konyezo na konyezo, alafu gawa 3,600 kwa hizo sekunde, jibu ni wati. Sekunde 12 ni wati 300. Kama luku yako ni ya 1600 tumia 2,250 badala ya 3,600. Shawa kataa katakimbia hutaweza kupima sekunde kati ya konyezo na konyezo, hesabu makonyezo ya dakika nzima alafu zidisha na 60 kwa luku ya 1000 (kwa ya 1600 zidisha na 37.5). Luku ikiwa juu ya nguzo piga video ya dakika 1 ukavute picha karibu, usipande. AC hesabu mara 2 au 3 kwa usiku, maana ikishapoza chumba inapunguza.

Na ukiwa hapo hapo fanya hili: mein switch iache imewashwa, chomoa kila kitu, zima taa zote hadi ya nje, zima na swichi za AC, pampu na shawa. Subiri dakika 5. Kataa kakiendelea kukonyeza kuna kitu umesahau au kuna waya unavuja, ita fundi, sio yule. Ukizima na mein switch yenyewe na bado kanakonyeza, tatizo liko kati ya luku na mein switch au kuna mtu kajiunga hapo katikati, usiguse, ita Tanesco.

Fundi, mimi ni wa Mombasa. Mume wangu akiona chaja ya simu imeachwa kwa soketi bila simu anafoka, ati inakula tokeni. Nimeazima hiyo mita, inasoma 0. Nani yuko sawa?

Dada yangu, chaja nzuri bila simu inakula chini ya nusu wati, hivyo vimita vidogo haviwezi hata kuiona ndio maana inasoma 0. Tuseme ni wati 0.3, mwaka mzima usiku na mchana haifiki uniti 3. Kama inapata moto bila simu hiyo itupe, ni mbovu, hilo ni la usalama sio la tokeni.

Sasa chukua hiyo mita kabla hujairudisha, ichomeke kwa dikoda ya tv, izime kwa rimoti kama mnavyoizima kila usiku, uangalie. Zipo zinazobaki na wati 10 kama vile hazikuzimwa, zikikaa hivyo usiku na mchana ni uniti 7 na kitu kila mwezi. Mzee akitaka kufoka aanzie hapo, na najua rimoti anashika yeye.