Kurusha kwa kikapu: tazama miguu ya wabebaji kwanza

Vijana wa Mtwara na Lindi waliopitia halaiki za shule wanajua kupanda mabegani na kujenga mnara wa watu. Kikapu cha ushangiliaji wa mashindano (cheerleading), yaani wabebaji kuunganisha mikono, kumrusha mwenzao juu kisha kumdaka, ni jambo jingine. Kwenye mnara, aliye juu ameshikwa muda wote. Kwenye kikapu, mrukaji akipaa mita 2 juu ya mikono ya wenzake, hukaa hewani sekunde 1.3 hivi bila kushikwa na mtu, kisha hurudi mikononi kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa. Kudaka ndiko kazi yenyewe.

Wanahitajika wabebaji wawili wanaotazamana, mlinzi wa nyuma na mrukaji. Wengine huongeza mtu wa mbele. Mshiko ni ule ule wa Skauti wanapombeba majeruhi kwa mikono minne: mkono wako wa kulia ushike kiganja chako cha kushoto pale kinapoungana na mkono, na wa kushoto ushike cha kulia cha mwenzako mahali hapo hapo. Mraba unakamilika. Saa, pete na bangili zivuliwe kabla.

Mrukaji huweka nyayo katikati ya mraba, magoti yamekunjwa, mikono juu ya mabega ya wabebaji, na uzito mwingi aubebe kwa mikono hiyo. Mlinzi wa nyuma humshika chini ya makalio na ndiye anayehesabu. Sauti iwe moja tu: "Moja, mbili, chini, juu!"

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nguvu ya kurusha hutoka mapajani. Wabebaji washuke kwa magoti, migongo ikiwa wima, kisha wasukume ardhi, na mikono imalizie tu. Waachie mikono ikishapita macho na kunyooka, si ikiwa kifuani. Anayeinamisha mgongo humtupa mrukaji mbele. Mlinzi akivuta badala ya kuinua, mrukaji anarudi nyuma. Mbebaji mmoja akiwahi, mrukaji anapaa upande upande. Naye mrukaji akiruka kabla mikono haijafika juu, anakandamiza kikapu na kujipunguzia kimo mwenyewe. Asubiri, asukume mabega, anyooke kama mnazi. Mbwembwe za miguu zije pale anapokaribia kusimama hewani, si njiani.

Baada ya kuachia, mikono ya wabebaji ibaki juu. Tabia ya kuishusha "kupumzika" kidogo ndiyo inayowachelewesha. Mrukaji anaporudi hulala chali, mikono imetanuliwa, tumbo limekazwa, nyonga imekunjwa kidogo. Akitanguliza makalio, anapenya katikati ya mikono. Kila mbebaji apitishe mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya mapaja, wampokee juu kisha washuke naye kwa magoti. Mlinzi hudaka kwapani: kichwa na shingo ni dhamana yake, hata kama mbwembwe imeharibika.

Anzeni bila mrukaji, mara 10 za kushuka na kusukuma pamoja. Kisha mrusheni wima, chini chini, bila mbwembwe yoyote. Mkikosea mara mbili mfululizo, rudini hatua moja. Miguu ya wabebaji ikianza kutetemeka, mazoezi ya kurusha yameisha kwa siku hiyo.

Mahali: nyasi tambarare zisizo na mashimo wala vifuu, au mkeka maalumu wa mazoezi. Sakafu ya saruji hapana. Mchanga mkavu wa ufukweni nao unadanganya: unaonekana laini, lakini mguu mmoja ukizama zaidi ya mwingine, kikapu kinapinda. Magodoro ya nyumbani yaliyopangwa bila kufungwa huachana, na kifundo cha mguu huingia kwenye mwanya. Kipindi cha kusi, upepo ukivuma kwa nguvu, fanyeni mengine.

Mrukaji akianguka na kulalamika shingo au ganzi, asiinuliwe wala asikalishwe. Mmoja atulize kichwa chake pale pale kilipo, wengine watafute wahudumu wa afya.