Kamera iliyokaa mkekani

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ni mwongozaji gani wa filamu kutoka nje ya nchi ungependa jirani yako amjue, na kwa nini?" Mimi namtaja Yasujirō Ozu wa Japani, kwa filamu yake ya mwaka 1953, Tokyo Monogatari, yaani Simulizi ya Tokyo. Najua wapo watakaomtaja Ousmane Sembène wa Senegal, mtoto wa mvuvi aliyefanya kazi ya ukuli Marseille kabla ya kushika kamera, na hawatakuwa wamekosea. Lakini naandika kutoka Lindi, na sijaona filamu nyingine inayotujua watu wa kusini kama hii.

Kisa chake ni kifupi. Mzee na mkewe wanaishi Onomichi, mji mdogo wa bandari, na binti yao wa mwisho ambaye ni mwalimu. Wanapanda treni kwenda Tokyo kuwaona wanao wakubwa, mmoja daktari, mwingine ana saluni. Wanapokewa vizuri, halafu kazi zinaanza. Matembezi yanavunjika kwa sababu kuna mgonjwa, saluni ina wateja, wajukuu wananuna. Mwisho watoto wanachanga pesa wawapeleke wazee wakapumzike Atami, kwenye hoteli ya pwani, ambako watu wanapiga muziki na kelele hadi usiku na wazee hawapati usingizi. Anayewakirimu kwelikweli ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyepotelea vitani miaka minane nyuma.

Mtu wa Lindi au Mtwara aliyewahi kupokea wazazi Mbagala, Dar es Salaam, haelezwi zaidi ya hapo. Wangu walikuja miaka ile kipande cha barabara cha Somanga hadi Ndundu kilipokuwa tope tupu na basi linaweza kulala njiani. Waliteremka na kiroba cha makopa, korosho na jogoo aliyefungwa miguu. Nilikuwa na vyumba viwili vya kupanga na kazi ya zamu. Siku ya tano nikawahamishia kwa dada yangu Temeke. Baba aliniambia, "Tumekuoneni, inatosha." Katika filamu, wazee wakiwa safarini kurudi kwao, wanaambiana kwamba watoto wao ni afadhali kuliko wa wengi, na kwamba wao wana bahati. Mara ya kwanza nilipofika hapo niliisimamisha filamu, nikatoka nje.

Sasa nieleze ufundi wake, maana kisa cha namna hii angeweza kukitunga yeyote. Ozu huweka kamera chini sana, usawa wa mtu aliyeketi sakafuni, hata chini zaidi. Wajapani wa wakati ule waliketi juu ya tatami, mikeka minene ya majani, na kamera inaketi nao. Haiwazunguki wala kuwarukia usoni. Katika filamu hii karibu haitembei kabisa. Mtu akisema, anaelekea kamera kana kwamba anakuambia wewe. Sisi tuliokulia kwenye mkeka wa ukili tunaujua urefu huo: ukiwa umekaa, anayeingia unamwona magoti kwanza. Halafu baina ya mazungumzo anakuachia picha isiyo na mtu, nguo zilizoanikwa, chombo kinachopita baharini na mlio wa mashine yake, na hakuambii uwaze nini. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, filamu zaidi ya 50, hadi alipofariki tarehe 12 Desemba 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Jarida la Uingereza la Sight & Sound lilipowapigisha kura waongozaji wa nchi mbalimbali mwaka 2012, waliiweka Tokyo Monogatari ya kwanza.

Mwaka jana mpwa wangu aliniwekea filamu hiyo kwenye fleshi nikaitazama na mama, hapa nyumbani Mtanda. Baba hayupo tena. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa mtafsiri, kama wale wa vibanda vya video waliotufasiria picha za ngumi bila kufunga mdomo. Ila hapa nilijikuta nanyamaza muda mrefu. Mama alishaelewa.

Nilitaka amchukie Shige, yule binti wa saluni. Anamkataza mumewe kuwanunulia wazee keki za bei. Mama akamtetea: "Ana wateja. Saluni haifungwi kwa sababu mama kaja." Shige alipomwambia mteja kwamba wale ni watu wanaofahamiana nao tu kutoka shamba, mama hakusema kitu. Noriko alipotoka chumbani kwake kwenda kuazima pombe na vikombe kwa jirani ili awakirimu wakwe, mama akanigusa goti. "Umeona? Kaazima." Na mwanamke yule mzee anapofariki, mazishi yakaisha na Shige akaanza kuulizia nguo za marehemu mezani palepale, mama alisema kwa sauti, "Hata arobaini bado!" Lakini hata hapo hakumwita mbaya. Ndipo nilipoelewa kwa nini nampenda mwongozaji huyu. Shige analia kwa uchungu wa kweli, kisha anaomba nguo, na Ozu ametupa yote mawili bila kutuamulia. Kamera iliyokaa chini haina namna ya kumtazama mtu kwa dharau.

Mwishoni mzee amebaki peke yake. Jirani, mama mmoja, anapita dirishani na kumwambia kuwa atakuwa mpweke, naye anajibu kwamba akiwa peke yake siku zitakuwa ndefu. Chombo kinapita baharini. Filamu ikaisha, nikanyanyuka kuzima.

"Ngoja," mama akasema. "Huyo jirani kesho atapita tena?"

Nikamwambia filamu imekwisha.

"Atapita," akasema, akavuta kanga yake, akaendelea kukitazama kioo.