Surf ya dizeli imechemka Mazeras: ninunue injini au niuze?

Ndugu yangu, nimekuelewa. Toyota Hilux Surf ya 1997 yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, imechemka ukipandisha Mazeras, nje ya Mombasa, na mzigo wa saruji, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Fundi anataka ununue injini nzima ya Japani, shemeji anasema uza skrapu umalize. Mimi naona wote wawili wana haraka, maana hakuna hata mmoja aliyelala chini ya gari.

Huku pwani kutu inaua magari mengi kuliko injini. Surf imekaa juu ya fremu, na fremu ikishaliwa na chumvi hata ukiweka injini mpya umefanya kazi bure. Gari liinuliwe, chukua nyundo ndogo na bisibisi, ugonge fremu yote, hasa pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikia. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na bisibisi huzama. Ukikuta mahali pamebandikwa bati na kupakwa rangi nyeusi mbichi, hapo ndipo pa kukwangua. Nilikuwa na pikapu iliyokuwa ikibeba samaki na barafu kabla haijanifikia. Injini ilipokufa nikaanza kuulizia nyingine, mpaka fundi wa bodi pale Jomvu akanionyesha fremu: kidole kilipita upande wa pili. Niliiuza vilevile ilivyo. Mmoja akachukua giaboksi na difu, mwingine milango, na sijawahi kuijutia.

Fremu yako ikiwa nzima, ndipo tuje kwenye injini.

1KZ-TE ni lita 3, bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya chuma, hedi (kifuniko chake cha juu chenye vali) ya alumini. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hivyo maji yakichemka hedi ndiyo huumia kwanza: inapinda, au inapata nyufa katikati ya vali. Kila fundi wa dizeli Mombasa anaujua ugonjwa huu wa 1KZ. Moshi wako mweupe unaelekea huko. Huenda fundi wako ana sababu ya kutaka injini nzima, lakini aionyeshe. Afungue hedi, kisha uibebe wewe mwenyewe mpaka kwa wachonga vyuma ipimwe kwa presha. Usimtume mtu, maana ukiwepo utaona mapovu yanatokea wapi.

Hedi ikiwa nje, tazama kuta za silinda kama zina mikwaruzo, na ulaze rula ya chuma juu ya bloku uone kama kuna mwanga unapita chini yake. Halafu oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, basi sampu (bakuli la oili chini ya injini) ishuke na beringi za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zitazamwe kabla hujanunua chochote. Beringi zikiwa zimelika, au pistoni imekwaruza silinda, hapo nakubaliana na fundi: injini nyingine. Lakini bloku ikiwa safi, hedi mpya na gasketi yake itakugharimu kidogo kuliko injini, na utajua kilichomo ndani.

Prado yangu ilikuwa na injini hiyohiyo na ufa huohuo. Kilichonisaidia ni kuuliza kwanza kwa nini ilichemka. Tulipoitoa rejeta, nusu ya mirija ilikuwa imeziba kwa magamba meupe. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa akijaza maji ya kisima, na visima vyetu vingi kisiwani mnajua ladha yake. Chumvi ile hula alumini ya hedi kutoka ndani na kuziba rejeta kwa pamoja. Ningefunga hedi mpya bila kubadilisha rejeta, ningerudi kulekule kabla ya Mariakani. Kwa hivyo kwenye hesabu yako tia rejeta, thamostati, mipira yote ya maji, na klachi ya feni, kisha ujaze kuleenti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Na mshale wa joto usiuamini sana. Sensa hupima maji. Maji yakishamwagika inabaki kwenye hewa, mshale unatulia katikati nawe unaendelea kukanyaga mafuta.

Ukiishia kwenye injini ya Japani, jua kwamba nayo ina hedi ya alumini ileile, ya umri uleule, na hujui imechemka mara ngapi huko ilikotoka. Omba hedi ifunguliwe ipimwe kabla ya kufungwa kwenye gari. Muuzaji atakunja uso, mwache akunje. 1KZ-TE pampu yake ya dizeli inaongozwa kwa umeme, hivyo hakikisha unapewa pampu, turbo, waya na kompyuta yake, na kompyuta ya giaboksi ya otomatiki si sawa na ya gia za mkono. Mkanda wa taimingi badilisha injini ikiwa bado iko chini, ndipo kazi ni rahisi. Na uchukue risiti pamoja na nakala ya karatasi za forodha, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku na NTSA, wanaosajili magari, lazima waibadilishe. Ukiliacha hilo, siku ya kuuza mnunuzi atakukatia bei hapohapo.

Kuhusu pesa, sahau bei uliyonunulia. Ulizia Surf ya dizeli inayotembea, yenye bodi kama yako, inaondoka kwa ngapi wiki hii. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hivyo hizi zilizopo ndizo hizo, na wenye mashamba Taita na Kwale bado wanazitafuta. Matengenezo yote yakiwa chini ya nusu ya bei hiyo, mimi ningetengeneza. Yakipita hapo, ningeuza, ila si kwa skrapu ya kilo kama anavyosema shemeji. Dalali wa vipuri atakupa zaidi, na giaboksi peke yake ina wateja.

Ukipata picha ya fremu na ya hedi upande wa vali, tuma tuzione. Na usimpe fundi amana ya injini kabla ya hapo.