Vimulimuli wamepotea kiwanjani? Anza na taa

Mkuu, umeuliza ufanyeje vimulimuli warudi kwenye kiwanja chako na viumbe wengine wapate pa kukaa. Zima taa za nje kwanza, maana dume anamtafuta jike kwa kuwakawaka, sasa we umewasha balbu usiku kucha wataonanaje?

Halafu acha kufagia majani yote bana, mabuu yao yanaishi humo kwenye unyevu mwaka mzima hata miwili yakila konokono, ukifunua usiku unaweza kukuta kitu kama funza kina kamwanga mkiani, ndo mtoto wao huyo. Dawa ya wadudu usipige kabisa. Gogo liache lioze, nyasi upande mmoja zirefuke, vyura na ndege watajileta wenyewe. Ila vimulimuli wenyewe usiwategemee sana msimu huu, maana mabuu yanachukua huo mwaka au miwili kukua.