Muulize Fundi: Kila harusi na gauni lake?

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Naishi Tabata, nafanya kazi benki. Kwetu sherehe haziishi na kila moja ina sare yake: kicheni pati rangi hii, sendofu ile, harusi nyingine tena. Gauni nalivaa mara moja tu, kisha linakaa kabatini. Juzi tulichoma mawili yaliyochanika. Moshi ulikuwa mweusi, unanuka plastiki, na chini yakabaki mabonge magumu. Binti yangu wa kidato cha pili akasema nguo zile ni plastiki kabisa, na kwamba nguo hizi za kuvaa na kutupa zinaiharibu dunia. Ni kweli? Na nikikataa sare, ndugu si watasema naringa?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Binti yako kasema kweli, mpe hongera zangu.

Satini nyingi tunayokatiwa kwenye majora Kariakoo ni poliesta. Poliesta inatokana na mafuta ya petroli, na asili yake ni ile ile ya chupa ya maji ya kunywa. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni hizo. Ukiifukia haiozi. Ukiichoma, moshi wake umeuona, na wanao wameuvuta. Naomba msichome tena. Hata ukiifua inaachia vinyuzi vidogo mno ambavyo jicho halivioni, vinaondoka na maji ya povu. Kwenu Tabata maji hayo yanateremka Msimbazi, na Msimbazi unamwaga baharini pale Salenda, tunakopata samaki.

Wateja wangu wengi hawajui wanachonunua, na muuzaji naye atakwambia "hii pamba safi mama" kwa kitu chochote kile. Kwa hiyo jifunze kupima. Chomoa uzi mmoja kutoka ukingo wa kitambaa chenyewe, usichukue uzi wa kushonea, kwa kuwa huo mara nyingi ni poliesta hata kwenye gauni la pamba. Ushike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, usogeze kwenye moto wa kiberiti. Pamba inashika moto mara moja, inanuka kama karatasi, na majivu yake ya kijivu ukiyagusa yanasagika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, halafu ncha inakuwa kishanga kigumu cheusi. Kama nyuzi zimechanganywa utaona vyote viwili. Mimi hupima hivyo kabla sijapokea kazi ya nguo ya mtoto mchanga.

Lakini usije ukadhani ukinunua pamba umemaliza. Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilikaushwa kwa ajili ya pamba: tangu miaka ya 1960 maji ya mito yake yalielekezwa mashambani, na sehemu kubwa ya bahari ile sasa ni jangwa la chumvi. Fulana moja ya pamba inakadiriwa kula lita 2,700 za maji kuanzia shambani. Pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga kwa kiasi kikubwa inategemea mvua, jambo jema, ila nyingi tunaiuza nje ikiwa pamba nyuzi, halafu tunanunua gauni la poliesta lililovuka bahari. Hilo linaniuma. Nimeshona sana vitenge vya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa 1968, na vipo vilivyorudi kwangu kuongezwa kiunoni baada ya mwenyewe kuzaa watoto watatu, rangi bado inang'aa.

Kwa hiyo, mwanangu, swali la kuuliza kabla ya kutoa hela ni utalivaa mara ngapi. Sare ya satini inashindwa hapo hapo. Liseme kwenye kikao cha kwanza, kabla kamati haijalipia kitambaa. Ukingoja cha tatu umechelewa. Pendekeza doti ya khanga au kitenge cha pamba, kila mtu ashone mshono atakaovaa hata kazini au msibani. Au itajwe rangi tu, mwenye gauni la rangi hiyo alivae, asiye nalo ajifunge mtandio. Anza na suala la gharama. Utashangaa wangapi watakuunga mkono, maana wengi pale wamekopa ili walipie mchango na sare kwa pamoja.

Hayo ya kabatini mpelekee fundi wako. Gauni refu linatoa blauzi na bado kinabaki kitambaa cha bitana ya koti la kitenge. Na ukishonesha jipya, mwambie aache inchi moja kila upande ndani ya mshono. Mafundi wengi siku hizi wanakata hadi ukingoni, basi ukinenepa kidogo gauni limekufa.

SWALI: Mama Fundi, niko Mwanza, navaa mitumba na wenzangu wananicheka. Nami nasikia mitumba ni takataka za Wazungu. Niache?
Kijana wa Nyakato

JIBU: Usiache, ila uchague. Shati lililokwisha kushonwa, ukilivaa miaka mitano zaidi, umeokoa shati jipya lisitengenezwe. Tatizo liko kwenye belo. Mfanyabiashara analinunua likiwa limefungwa, hajui kilichomo, na nguo za hovyo anazozikuta ndani zinaishia jalalani kwetu. Soko la Kantamanto kule Accra linaelemewa na mzigo huo huo. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza mitumba hadi iishe. Marekani ikatishia kutunyima nafuu ya ushuru ya AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru, wengi tukarudi nyuma. Rwanda iliyopandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zake mwaka 2018.

Wewe ukifika mnadani geuza nguo ndani nje. Tazama kwapani na katikati ya mapaja, ndiko zinakoanza kuchakaa. Vuta mshono kwa vidole gumba viwili. Nyuzi zikiachana, irudishe. Kitambaa kikiwa kizima na kilichoharibika ni zipu au vifungo, chukua, fundi atakurekebishia siku hiyo hiyo.